Kukadiria Maumivu ya Watu wa Ça Va

Neema na Josué, wanangu wa ofisini, mliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi mnayoirithi, nami niliwaambia nitaandika nikishastaafu na kupumzika. Basi nimepumzika, na nimegundua kwamba kupumzika ni kazi ngumu kuliko nilivyoambiwa. Nimeosha madirisha yaliyokuwa safi. Nimegombana na jirani juu ya mifuko ya takataka, na kwa bahati mbaya yeye ndiye aliyekuwa na haki. Bora nikae chini niandike.

Neema ni wa Dodoma, na kila nikifungua mdomo na Kiswahili changu cha Lubumbashi anashika mbavu. Kwa hiyo hapa nitaandika kile nilichojifunza kwenye Biblia ya mama yangu na kwenye redio. Lakini watu wa Kongo wakisema, nitawaacha waseme wenyewe, maana nikiwanyoosha hawatakuwa wao tena.

Kwa yeyote atakayeokota kurasa hizi asijue tunafanya nini: chama cha wafanyakazi kina ofisi ambako mtu aliyepoteza kazi, au aliyeumia kazini, huja na swali moja. Nitapata nini, na mpaka lini? Anayeamua ni serikali, au bima ya mwajiri, na watu wasipoelewana ni jaji. Sisi tunakadiria kabla yao, ili mtu ajipange, na ili akionewa ajue kwamba ameonewa. Mambo ya mshahara wangu na vyeo sitayaandika. Cheo changu cha mwisho kilikuwa na jina refu, na kazi yake kubwa ilikuwa kutunza ufunguo wa choo cha wageni.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kisigino, kwa sababu nilidhani ofisi ya Brussels ni mahali pa viatu vya kisigino. Ilikuwa chumba kirefu karibu na stesheni ya Gare du Midi, chenye harufu ya makoti yaliyonyeshewa. Watu walikuwa wamejaa mpaka ngazini, wengine na masanduku, kana kwamba wameteremka kwenye treni wakaja moja kwa moja kwetu. Niliyekabidhiwa kwake aliitwa Monsieur Willy, mzee wa Oudergem, pembezoni mwa mji, mwenye masharubu na suruali ya mikanda ya mabegani. Alinionyesha mashine yake ya kuhesabia, ile yenye mkanda wa karatasi, inayolia kama kuku anayedonoa bati. Nilinyoosha mkono niishike. Nilikuwa nimesomea uhasibu kwetu, nilitaka aone vidole vyangu vinavyokimbia.

"Leo huhesabu," aliniambia kwa Kifaransa chake cha taratibu. "Leo unasikiliza."

Nilinuna. Mimi si mtu wa subira, mnanijua. Nilikaa nyuma yake kutwa nzima na viatu vimenibana, nikimsikiliza akiuliza watu mambo ambayo niliona hayamhusu: nani anapika kwenu, mtoto analelewa na nani, basi gani unapanda. Jioni nilimwuliza kwa nini anapoteza muda hivyo. Alisema kuhesabu ni rahisi, mashine inaweza. Kazi ni kujua unahesabu nini. Kwa kweli sikumwelewa mpaka alipokuja Papa Ilunga.

Papa Ilunga alikuwa mtu wa Likasi, amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda kimoja kikubwa cha kufua mashuka ya hoteli, na kiwanda kilifungwa. Posho ya mtu asiye na kazi hukadiriwa kwa mshahara aliokuwa nao, lakini pia kwa nyumba anayoishi. Anayeishi peke yake hupewa zaidi kuliko anayeishi na wengine wenye kipato, kwa sababu anayeishi na wengine hudhaniwa anagawana nao kodi na moto wa jikoni. Willy alimwuliza anaishi na nani. Papa Ilunga alikaa sawasawa kwenye kiti akajibu kwa fahari kwamba anaishi na ndugu zake, wako wengi. Willy aliandika, mashine ikadonoa, na kiasi kilichotoka kilikuwa kidogo cha kusikitisha. Uso wa yule mzee ulibadilika. Kuna kitu hakikunikaa vizuri, nikaomba ruhusa niseme naye kikwetu.

"Papa, ku nyumba unaikalaka na nani?"

"Na bandugu yangu, maman. Tuko bengi."

"Bandugu gani? Leo beko wapi?"

"Mukubwa iko Lubumbashi. Ule mwingine iko Liège. Na mutoto ya dada yangu anakuyaka, fois moja moja."

"Na usiku, nani analalaka mule?"

"Miye."

"Na nani?"

Alitazama mikono yake. "Miye tu."

"Sasa juu ya nini uliambia monsieur muko bengi?"

"Maman," alinijibu kwa sauti ya chini, kana kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu, "ulitaka niseme niko peke yangu? Peke yangu sawa mulozi?"

Nilimweleza Willy kwamba kwetu mtu asiye na mtu hutiliwa shaka kuwa mulozi, yaani mchawi, na kwamba huyu mzee angekubali kufa njaa kuliko kujitangaza mbele ya wageni kuwa hana ndugu. Willy aliuchana ule mkanda wa karatasi, akaanza upya. Tangu siku ile hakuuliza tena mtu wetu anaishi na nani. Aliuliza kwenye kengele ya mlango kuna majina gani, na nani ana ufunguo. Josué, wewe una tabia ya kusoma swali kama lilivyoandikwa kwenye karatasi. Usifanye hivyo.

Baadaye nilihamia upande wa ajali za kazini, nikakaa huko mpaka mwisho. Huko tunachokadiria ni kigumu zaidi. Mtu akiumia kazini bima humlipa wakati anatibiwa, hilo halina ugomvi sana. Kisha inafika siku daktari anasema jeraha limetulia, halitapona zaidi ya hapo. Ndipo inatafutwa asilimia: mtu huyu amepoteza kiasi gani cha uwezo wake wa kujipatia riziki? Wengi wanafikiri ni asilimia ya mwili. Sivyo. Kidole gumba cha msusi wa maduka ya Waafrika kule Galerie d'Ixelles si sawa na kidole gumba cha mlinzi anayekaa mlangoni pale pale. Msusi bila kidole gumba amefunga saluni.

Chombo chetu kikuu cha kazi kilikuwa droo ya Willy. Ndani yake alikuwa na chupa ya jemu yenye kifuniko kigumu, shati la vifungo vidogo, sufuria nzito ya chuma na kopo la nyanya na kifungulio chake. Mtu akija na barua ya bima, Willy alimwachia hivyo vitu mezani na kumwomba ajaribu kama anavyofanya nyumbani. "Daktari anauliza unaumwa wapi," alikuwa akisema. "Sisi tunauliza unashindwa nini." Nilimwona mwashi mmoja, jitu la miraba minne, akihangaika na vifungo vya lile shati, akacheka, halafu akaacha kucheka. Willy alipostaafu aliniachia droo pamoja na ufunguo. Siku hizi analima nyanya nyuma ya nyumba yake, karibu na msitu, na kila majira ya joto ananiletea nyingi kuliko ninavyoweza kula. Nampenda sana yule mzee, na sijawahi kumwambia, kwa hiyo Neema, ukimwona mwambie.

Lakini droo ilikuwa na udhaifu wake, na udhaifu huo ni sisi. Watu wetu wana ugonjwa wa ça va, lile "hujambo, sijambo" la Kifaransa. Muulize Mkongo aliyefungwa plasta mguu mzima: ça va? Atakujibu ça va, maman, Mungu anasaidia. Hasemi uongo. Ni adabu tu. Mtu aliyekusalimu humtwishi mzigo wako. Na kwa watu wa makanisa ya maombi kuna zaidi ya adabu. Kwao kinywa kina nguvu, na kusema "mimi ni mgonjwa" ni kuukaribisha ugonjwa ukae sebuleni. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo, nimelelewa nayo, siwezi kuicheka. Tatizo ni kwamba daktari wa bima anaandika kile anachosikia. Mgonjwa anasema hajambo.

Sasa nifike kwa Maman Furaha, maana najua ndiye mliyetaka niandike habari zake.

Furaha ni mtu wa Bukavu. Alikuja hapa mkimbizi na binti yake Esther mgongoni, akasomea kuhudumia wazee, akapata kazi kwenye nyumba moja ya wazee huko Oudergem. Aliwaogesha, aliwavalisha, aliwaimbia. Siku moja alikuwa anamtoa bibi mmoja kwenye beseni la kuogea, sakafu ina maji, bibi akateleza. Furaha alimdaka kwa mkono mmoja, wa kulia. Bibi hakufika chini. Bega la Furaha lilichanika kwa ndani, akapasuliwa, akatibiwa muda mrefu, hadi ikafika ile siku ya kusema jeraha limetulia.

Alikuja ofisini na barua ya bima akiwa amependeza kama anakwenda harusini.

"Maman Georgine, sikuya kukusumbua. Minakuya tu unionyeshe fasi ya kusaini."

Nilisoma ile barua nikaghadhibika. Asilimia waliyompa ilikuwa ya mtu aliyejigonga kwenye mlango. Tena waliandika kwamba anaweza kurudi kwenye kazi yake ile ile. Akisaini, imekwisha: fidia kidogo, kisha arudi kunyanyua watu wazima kutoka kwenye maji. Akishindwa kunyanyua, kazi inakwenda, na Esther alikuwa mwaka wa mwisho wa shule. Na asiposhindwa mara moja ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu siku moja bibi wa mtu angeanguka.

"Furaha, kwa docteur ya assurance ilikuwa namna gani?"

"Muzuri! Nilimupelekea mikate, ya sukari. Aliniuliza ça va, nikamwambia ça va, Mungu anasaidia. Aliniambia niinue mukono. Nikaomba mu roho, nikauma meno, nikauinua. Mupaka juu!"

"Mupaka juu."

"Mupaka juu, maman. Kisha mu tram nililia, lakini ule hakuniona."

Nilimwambia asisaini, tutaomba mahakama ya kazi, ile tribunal, impe daktari mwingine wa kumpima upya, nikafungua droo ya Willy. Chupa ya jemu aliiweka katikati ya magoti akaifungua kwa mkono wa kushoto. Vifungo vya shati alivifunga kwa kushoto, vyote, akiimba kidogo. Sufuria aliisukuma kwa kiuno mpaka ukingoni mwa meza, akaipokea kwenye kiwiko cha kushoto. Kopo la nyanya alilitazama, akasema yeye hununua ya pakiti. "Ona, maman. Ça va!" Na jasho lilikuwa linamtiririka kwenye paji la uso, katikati ya majira ya baridi.

Niligonga meza. Nilimwambia ananichosha, kwamba mimi si daktari wa bima, kwamba nataka mtu mmoja katika mji huu aniambie ukweli kabla sijastaafu. Aliacha kutabasamu. Kwanza nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia.

Akanieleza. Baada ya upasuaji kanisa lilimwombea. Jumapili iliyofuata mchungaji wao, Pasteur Siméon, alimwita mbele, naye akatoa ushuhuda kwamba amepona, akainua mkono mbele ya watu wote. Waliimba, walipiga makofi, wanawake walimkumbatia. Kwa miezi walikuwa wanamtaja kwenye maombi kama mfano.

"Sasa unataka niende kwa docteur ya tribunal niseme sikupona? Nani atakuwa muongo, maman? Miye, ao Mungu?"

Nilikuwa na vitabu vya sheria rafuni na majedwali ukutani, na hakuna hata kimoja kilichoweza kunisaidia pale. Nilimshika mkono, ule mzima. Nilimwambia Mungu simjui vizuri kama yeye, mimi najua mabega tu, na bega lake halijapona. Mwishowe alikubali tusisaini, twende mahakama ya kazi, na jaji akamteua daktari mwingine asiye wa upande wowote ampime upya.

Nilimwandaa kwa njia moja tu. Asiseme ameumwa, kama hataki. Asiseme amepona. Ajibu anachoulizwa, na mkono ukiuma aache, asiusukume. Na avae nguo za kila siku, hata ile sweta yake ya kupikia, aingie kama alivyo.

"Mbele ya docteur ya tribunal? Na pull ya kupikia?" Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyekulia porini.

Siku yenyewe nilikuwa namsubiri chini ya jengo la daktari kule Ixelles. Akatokea ndani ya gauni la zambarau la Jumapili, lenye zipu mgongoni kuanzia kiunoni mpaka shingoni, na kilemba chake, na viatu vyake. Nilitaka kulia kwa hasira. Nilimwuliza hivi tulikubaliana nini. Alinijibu kwamba mtu hawezi kwenda kuheshimiwa akiwa amejidharau mwenyewe, na tukapanda lifti bila kusemezana.

Daktari wa mahakama alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi, sauti ya chini. Daktari wa bima naye alikuwepo, kwa sababu kila upande una haki ya kuwepo, na mimi nilikaa kwenye kona kwa niaba ya chama.

"Bonjour madame. Comment ça va?"

"Ça va très bien, docteur, merci!"

Eti vizuri sana, na niliona kalamu ya daktari wa bima ikitembea. Nilifikiri juu ya mwaka mzima wa barua na simu, juu ya Esther, na nikajiona mjinga kwa kumwachia mwanamke huyu aamue kwa kinywa chake.

Daktari alimwomba apite nyuma ya pazia la chumba, avue gauni, apimwe. Furaha akapita. Tulisikia nguo ikisugua. Tukasikia kimya, kisha nguo tena, kisha pumzi ndefu. Daktari alisubiri, akatazama karatasi zake, akasubiri tena.

"Madame, ça va?"

"Ça va, docteur! J'arrive!"

Eti ça va, anakuja, hata nyuma ya pazia! Nikainuka niende kumsaidia. Daktari aliniashiria kwa kiganja nikae. Aliinuka yeye, akabisha kwenye fremu ya pazia kama mtu anavyobisha mlangoni, akaomba ruhusa, akalivuta kidogo. Furaha alikuwa amesimama ameelekea ukuta, mkono wa kushoto umepinda nyuma ya shingo, vidole vinatafuta kile kikulabu kidogo juu ya zipu na havikifikii. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia tu. Kilemba kilikuwa kimedondoka.

Daktari hakukigusa kile kikulabu. Alimwuliza polepole sana, "Madame, gauni hili, nani amelifunga asubuhi?"

Furaha aligeuka akanitazama mimi. Anajua Kifaransa, lakini hakukitumia.

"Ni Esther," alisema. "Ni mutoto yangu njo ananivalishaka."

Nikatafsiri. Daktari akauliza kama ni leo tu, kwa sababu ya gauni.

"Kila siku, docteur. Ananifunga soutien ku kifua. Ananichana. Ananipakalisha mafuta ku mugongo. Anachelewa masomo juu yangu, na bwalimu banamugombeza, na hasemi juu ya nini anachelewa." Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. "Kuvalisha batu njo kazi yangu. Nilivalishaka bazee ya batu, mmoja mmoja, muzuri, bila kubaumiza. Sasa ni miye banavalisha. Minaona haya. Bon, nimesema. Minaona haya sana."

Nilitafsiri yote, na kufika kwenye "haya" nikalazimika kurudia. Neema, utasikia wakisema kwamba mtu wa kazi yetu halii mbele ya wataalamu. Mimi nililia. Daktari alimfungulia Furaha kile kikulabu, akamketisha, na kuanzia hapo aliuliza kila kitu: kuoga, kulala, sufuria, mlango wa tramu, na Furaha akajibu yote, kila swali. Hata alipoambiwa ainue mkono, aliuinua mpaka ulipoanza kuuma, akaacha, akasema "hapa". Ulikuwa chini ya bega. Daktari wa bima aliandika naye, na nilimwona akipiga mstari juu ya kile alichoandika mwanzo. Tukiwa tunatoka alimshikia Furaha mlango, akamwambia samahani, yeye hakufikiria kuuliza habari ya nguo.

Ripoti ilipotoka jaji aliifuata. Asilimia iliangukia karibu kabisa na kadirio langu, chini kidogo tu, na hicho "chini kidogo" bado kinaniudhi nikikumbuka nikiwa naosha vyombo. Lakini Furaha aliweza kuishi nayo, na iliandikwa wazi kwamba asinyanyue tena mtu. Nyumba ya wazee ilimpa kazi ya chumba cha mchana: kuwalisha, kuwasomea, kuwaimbisha. Esther alimaliza shule. Mimi nilikuwa na wiki chache za kukusanya vitu vyangu, na nilidhani habari ya Furaha imeishia hapo.

Akanipigia simu kunialika Jumapili. "Maman Georgine, dimanche ukuye kwetu ku kanisa. Usikatale."

Mimi ni wa kanisa la zamani, la nyimbo za kitabu na kukaa kimya. Lao ni ukumbi wa kukodi kule Anderlecht, viti vya plastiki, kinanda cha umeme na kijana anayekipiga kwa nguvu zake zote. Nilikaa nyuma, karibu na meza ya chai. Ulipofika wakati wa ushuhuda, Pasteur Siméon, mtu mnene mwenye sauti ya upendo, alimwona Furaha amesimama akafurahi mwenyewe, akamletea maikrofoni mpaka alipo.

"Bandugu," alisema Furaha, "munanijua. Nilisimamaka hapa nikawaambia mukono yangu ilipona. Muliimba, mulinipigia makofi." Akasogeza maikrofoni karibu. "Haiyapona. Mutoto yangu njo ananivalishaka mupaka leo. Nilisema ilipona juu niliogopa. Niliona nikisema inauma, nitamupatisha Mungu haya. Kumbe Mungu alikuwa anajua tangu mwanzo. Ni ninyi tu nilikuwa nawaficha."

Hakuna aliyepiga makofi. Kijana wa kinanda alikuwa ameweka vidole kwenye vibonye lakini hakubonyeza. Pasteur alikuwa anatazama viatu vyake. Niliogopa, nawaambia kweli, nilishika mkoba wangu niwe tayari kumtoa mle ndani.

Kisha mama mmoja mzee kwenye mstari wa mbele, ambaye nilikuja kujua anasafisha maofisi, alisema bila kusimama, na bila maikrofoni: "Miye ni magoti."

Furaha alimrudishia Pasteur maikrofoni.

"Miye mugongo," akasema mwingine upande wa madirisha. "Tangu kazi ya hôtel."

"Miye vidole. Haifunge tena."

Walisema hivyo, mmoja hapa, mmoja kule, kwa sauti ndogo, wakitazama mbele. Baada ya ibada walinikuta kwenye meza ya chai. Walikuwa wahudumu wa wazee, wasafishaji, watu wa maghala, na kila mmoja alianza kwa maneno yale yale: "Maman, ça va, lakini..." Miaka yote ile nilikuwa nangojea hilo "lakini". Nilisahau chai yangu. Niliwaambia waje Jumamosi kwenu ofisini, ndiyo maana mliona foleni ile mkadhani mimi nimetangaza redioni.

Wa mwisho alikuwa Pasteur Siméon, bado na ile maikrofoni mkononi. Siku za wiki anapakia makreti kwenye ghala moja karibu na mfereji. Hilo nililijua pale pale, kwa sababu alianza kunieleza kwa kunong'ona, ameinamisha kichwa. Katikati ya sentensi alinyamaza. Akawatazama watu wake waliokuwa wanavaa makoti. Akainua maikrofoni akaiweka mdomoni.

"Bandugu, mungoje kidogo," alisema. "Pasteur wenu hawezi tena kuinama. Ni mwaka mzima muke yangu ananivalisha viatu."

Ukumbi ulisimama hivyo, makoti nusu yamevaliwa. Furaha alivuta kiti kwa mkono wake mzima, akakileta mpaka nyuma ya Pasteur, akamsaidia kuketi.